Mama Mvuke Aliyeomba Mtihani Mwepesi

Jumatatu, tarehe tisa Machi. Manyunyu yameanza kabla ya mapambazuko, na ukungu umeziba madirisha ya chumba cha kufulia nguo cha hospitali. Ndani kuna joto kama kawaida. Mwanamke mnene mwenye kilemba cha buluu anashusha pasi juu ya kola ya koti jeupe la daktari.

"Kola ina kiburi," anasema bila kuinua macho. "Ukiibembeleza inalala. Ukiikaripia inajikunja."

Wenzake humwita Mama Mvuke. Ana miaka arobaini na sita, na aliingia kwenye chumba hiki kabla kifungua mimba wake hajaota meno. Mkono wake wa kulia umejaa makovu madogo ya pasi. Anachotaka ni kupanda ngazi mpaka wodini, awe muuguzi. Kwa miaka minne amesoma darasa la jioni, akitoka kazini moja kwa moja, harufu ya sabuni ikimfuata mpaka dawatini.

Kimebaki kikwazo kimoja: mtihani wa kujiunga na chuo. Unafanyika Machi, Septemba na Novemba, lakini mtu anaruhusiwa kuufanya mara mbili tu. Mama Mvuke amekwisha kutumia mara moja. Ya pili ni Jumamosi hii, na leo saa sita mchana ndiyo mwisho wa kuahirisha kwa simu.

"Wenzangu darasani wanasema karatasi ya Machi ni moto," anasema, akiigusa simu iliyo mfukoni mwa aproni. "Nusu yao wamehamia Septemba."

Septemba anaijua. Mwaka jana uvumi ulikuwa huohuo: Septemba nyepesi, Novemba ngumu. Yeye akakimbilia Septemba. Wifi yake, dada wa mumewe, anayepiga pasi meza ya pili, akabaki Novemba kwa sababu, kwa maneno yake, "kuhamahama ni kazi nyingine."

"Nilifunga na kuomba, Mungu anipe mtihani mwepesi," anasimulia Mama Mvuke. "Akanipa! Nilitoka ukumbini naimba."

"Mimi nilitoka nalia," wifi anadakia. "Nilimwambia kaka, mkeo atakuwa muuguzi, mimi nitakuwa mgonjwa wake."

Majibu ya awamu zote mbili yalitoka Januari. Kati ya maswali sitini, Mama Mvuke alipata arobaini na moja, wifi thelathini na nane. Lakini chuo hakiangalii idadi hiyo. Kinaangalia alama iliyopimwa baada ya kulinganisha ugumu wa karatasi, na kinataka angalau mia tano. Wifi alipata mia tano kamili. Mama Mvuke, mia nne themanini.

Chumba kizima kilijua siku hiyo.

"Nilisema wamempendelea," anakiri. "Nikaacha hata kumwita wifi. Nikawa namwita 'wewe dada'."

"Wewe dada!" wifi anaiga, mkono kiunoni. "Mtu aliyekula mahari ya nyumba yetu!"

Mwalimu wa hesabu wa darasa la jioni, wanalosoma wote wawili, alijaribu kuwapatanisha. Aliwaeleza kwamba karatasi mbili haziwezi kulingana ugumu, hata watunzi wakijitahidi vipi. Kwa hiyo baadhi ya maswali hurudiwa katika karatasi tofauti, ili ionekane karatasi ipi ilikuwa ngumu zaidi na kwa kiasi gani. Kwenye karatasi nyepesi, kosa moja linakushusha zaidi. Kwenye ngumu, unasamehewa kidogo.

"Watu wanadhani alama ni mkate mmoja, jirani akikata kipande kikubwa wewe unabaki na makombo," mwalimu alisema. "Sivyo. Aliyekaa kando yako hakupunguzii kitu. Aliyekimbilia karatasi nyepesi hakupata nafuu yoyote, na aliyeangukia ngumu hakuonewa."

Mama Mvuke aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Hakuwa ameelewa.

Kilichomfungua ni kazi yake mwenyewe. Katika chumba hiki, msimamizi wa zamu huhesabu makoti thelathini ya madaktari sawa na foronya mia, kwa sababu foronya haina kola wala mikono. Hakuna aliyewahi kulalamika. Jioni moja mwezi uliopita, wifi alimwita kutoka meza ya pili.

"Wewe dada, leo umepiga foronya tisini. Mimi makoti thelathini. Nani kamaliza kazi yake?"

"Wewe," Mama Mvuke akajibu. Kisha akaweka pasi chini.

"Nilikaa juu ya kapu la shuka nikacheka mpaka nikalia," anasema sasa. "Wiki zote zile nilikuwa namnunia mtu kwa sababu kapiga makoti. Usiku nilimwomba Mungu msamaha. Asubuhi nikamwomba wifi. Mungu alikuwa mwepesi zaidi."

"Nilitaka nibembelezwe," wifi anasema. Anaanza chuo mwezi wa tano. Tangu jioni ile, kila mapumziko ya chai wamesoma pamoja.

Hata hivyo, mazoea hayafi kirahisi. Asubuhi nzima Mama Mvuke amekuwa akiitoa simu mfukoni na kuirudisha.

Saa sita kasorobo, mashine zinazimwa. Kama ilivyo desturi yao, wanawake wanasimama duara kati ya meza kuombea chakula. Msimamizi anafumba macho.

"Subirini kidogo," anasema Mama Mvuke. Anaizima simu na kuiweka juu ya rundo la makoti, mbele ya wote.

"Mungu anisikie, na nyinyi mnisikie. Sitaomba tena karatasi nyepesi. Nitaomba mkono usitetemeke. Jumamosi naingia: zikija foronya nitapiga foronya, yakija makoti nitapiga makoti." Anamgeukia mwenzake. "Na wewe, wifi, nishikie kiti chuoni, kiwe kipana. Mwezi wa tano nakuja kukikalia."