Viti vya Katikati

Askari mmoja wa jela alikuwa akifumbata funguo kiganjani zisilie, hata zikiwa za gari lake tu. Kahawa aliinywa kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa huru, na hakuketi popote kabla ya kuutazama mlango. Lorraine, karani wa leseni na mjumbe wa chama cha wafanyakazi wa serikali hapo Ontario, Kanada, aliyaona hayo mikutanoni miaka kumi bila kuyatilia maanani, hadi Jumamosi ile askari walipojaa ukumbini kudai mkataba wao wenyewe.

“Mkataba wa peke yenu wa nini?” Lorraine aliuliza kutoka kitini. “Au sisi makarani tunanuka?”

Askari wengine wakacheka. Askari yule hakucheka. Alisema kwa sauti yake ya chini, ile inayowanyamazisha watu ili waisikie: “Dada, hebu tazama tulivyokaa.”

Lorraine akageuka, akatazama. Askari mia na ushei walikuwa wamebanana kandokando ya kuta zote nne, wengine wamesimama, kila mgongo umeegemea ukuta. Viti vyote vya katikati vilikuwa vitupu, isipokuwa kimoja. Hicho alikikalia yeye, kaupa mlango mgongo.