Pumzi ya Kuamkia Watu

Nilikuwa kijana, lakini mwili ulikuwa umeshanitangulia uzeeni. Tangu nimalize darasa la saba nilikaa nyuma ya cherehani pale kwetu Mtongwe, asubuhi hadi magharibi, miguu ikikanyaga na kiuno kikinenepa. Nikipandisha kile kilima cha feri, nilihema kama kuku aliyefukuzwa. Ndoto, hata hivyo, nilikuwa nazo tele. Kila suruali niliyoipunguza nilijiona mimi ndiye niliyeivaa, nikienda mahali.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini jirani yetu mmoja, mfanyakazi wa hoteli ya ufuoni, aliniletea vitambaa vyenye nambari nivipinde ncha.

"Vya nini?"

"Vya mashindano ya wageni. Waogelea baharini, wapanda baiskeli, kisha wakimbia. Yote kwa mpigo mmoja."

"Kwani wamemkosea nani hao?"

Akacheka. "Mmoja kajitoa, kitambaa chake hiki. Chukua weye, mpenda ndoto. Lakini ikifika adhuhuri kamba ya mwisho yafunguliwa. Ukija baadaye, hukushiriki."

Kile kitambaa nilikipinda vizuri kuliko vyote.

Kuogelea nilikujua tangu utotoni, ila bahari haikunikumbuka. Ilininywesha chumvi mpaka nikatapika. Baiskeli niliazima kwa mjomba, ile aliyobebea madafu, na kwa juma zima nilishona nimekaa upande mmoja. Bado mbio.

Siku ya kwanza kukimbia nilifumba mdomo, pumzi isipotee. Nikampita shangazi mlangoni pake, nikawapita wazee kibarazani pa msikiti, nikazunguka hadi ufukweni. Niliporudi, ua wetu ulikuwa umejaa wanawake wenye mabuibui. Jirani mwanamume alikuwa ameshatandika mkeka nje. Mama alisimama katikati, kanga kichwani, akiuliza, "Nani? Niambieni, nani?"

Shangazi akanishika mkono. "Sema, mwanangu. Nani katutoka?"

"Hakuna," nikasema, jasho likinitiririka. "Nafanya mazoezi."



"Mazoezi ya kufa?" shangazi akauliza, na ua mzima ukaangua kicheko. Mama peke yake hakucheka. Aliketi chini polepole, akaivua kanga kichwani. Nikatamani ardhi inimeze.

"Hapa petu," akaniambia walipokwisha kuondoka, "mtu mzima akipita mbio asiamkie watu, ana maiti nyumbani. Kimbia upendavyo. Lakini usimpite mtu kimya. Ukimpita, baiskeli nairudisha kwa mjomba'ko."

Basi nikawa nakimbia na kuamkia. Wallahi, mbio zilinichosha, salamu zikanimaliza. Nikifika kibarazani pa wazee nilifungua kinywa, "Shika..." na pumzi ikakatika hapo hapo. Nikasimama, mikono magotini.

"Marahaba," mzee mmoja akajibu. "Mama hajambo? Na mjomba? Na kazi?" Nikajibu kwa kichwa. Nilipoanza kuondoka akanifuata kwa sauti: "'Shika' tumeipata, 'moo' utatuletea lini?"

Ikawa ndilo jina langu. Kila jioni nikitokea kwa mbali, "Shika huyo!" Nikajilaza usiku nyayo zikiniwaka, nikiota nimefika kwenye kamba, na huko ndotoni pia nikiwa nimechoka.

Siku yenyewe nilitoka baharini karibu nyuma ya wote. Mnyororo wa baiskeli ukachomoka njiani, nikaurudisha kwa vidole vyenye mchanga. Nilipoanza kukimbia miguu ilikuwa magunia ya chumvi iliyolowa, na jua limekaribia utosi. Njia ilipita kwetu, mbele ya msikiti. Wazee walikuwa wameketi, tayari kwa swala ya adhuhuri.

Nikisimama, kamba itafunguliwa. Nikipita kimya, mama ataulizwa.

Nikavuta pumzi yote iliyobaki. "Shikamooni, wazee wangu!"

Ilitoka nzima. Na miguu, sijui vipi, haikusimama.

"Marahaba! Mama hajambo?"

"Hajambo, alhamdulillahi!"

"Leo na moo imo!" yule mzee akapiga kelele, akigonga bakora sakafuni. "Imo yote!"

Kicheko chao kilinisukuma kama mkono mgongoni. Nilipofika, upande mmoja wa kamba ulikuwa umeshafunguliwa. Upande wa pili alisimama yule jirani yetu wa hoteli, mkono juu ya fundo, akijifanya fundo limemshinda. Nikapita, nikaanguka mchangani. Nyuma yangu hapakuwa na mtu.

Nyumbani mama alinitilia maji moto kwenye beseni, nikatumbukiza miguu. Hakuniuliza kama nilifika.

"Uliwaamkia watu?"

"Niliwaamkia."

"Wote?"

"Wote, mama."

"Basi lala, baba."

Asubuhi nilikaa kwenye cherehani, nikaweka miguu chini, nayo ikakataa kukanyaga. Nikabaki nazungusha gurudumu kwa mkono, pole pole, suruali ya mtu ikingoja.