Dada Maskini wa Wenzu

Pale Nadur, kijiji cha kisiwa cha Gozo huko Malta, kila mtu alijua kwamba Salvina Rapa ni mwanamke mwenye mali, isipokuwa kaka yake Wenzu, aliyekuwa akiishi Detroit, Amerika, na kumtumia soksi.

Soksi zilianza kuja mwaka 1966, Wenzu alipopanda meli akiwa na miaka kumi na tisa, na Salvina kumi na sita. Wakati ule zilihitajika kweli. Baba yao alikuwa na kondoo kumi na wawili, shamba la udongo mwekundu nyuma ya kanisa, na ukanda wa mawe ulioshuka kuelekea baharini, ambako hata mbuzi alipita akiangalia anapokanyaga. Kila Krismasi kifurushi kilifika: soksi, kahawa ya kopo, sabuni ya kunukia, na nguo zilizokwisha kuvaliwa na watu wanene. Mwaka mmoja lilikuja koti la theluji. Gozo haina theluji. Salvina aliwafunika nalo wana-kondoo waliozaliwa Januari, akamwandikia kaka yake kwamba koti limewafaa sana nyumbani, na hapo hakusema uongo.

Mwaka 1988 baba yao alipofariki, Wenzu alikuja kwa ajili ya mirathi, amevaa suti ya rangi ya maziwa. Mbele ya wakili alimgeukia dada yake kwa huruma.

"Mdogo wangu, mimi nitachukua shamba la nyuma ya kanisa, nijenge nyumba ya uzeeni. Wewe chukua ule ukanda wa mawe, ulishie kondoo wako. Ukikwama, mimi nipo."

Salvina akatia sahihi. Wenzu akajenga nyumba ya ghorofa mbili, akaweka juu ya lango tai wa zege aliyepakwa rangi ya dhahabu, akafunga milango yote na kurudi Detroit. Ufunguo alimwachia dada yake. Kwa miaka thelathini Salvina alikwenda kila Jumamosi kufungua madirisha na kufagia vumbi ambalo hakuna aliyelileta.

Katikati ya miaka hiyo, kabla kidogo ya Malta kuanza kutumia euro mwaka 2008, ramani za ujenzi zilichorwa upya, na mstari wa eneo linaloruhusiwa kujengwa ukapita chini kabisa ya mawe ya Salvina. Mawe ni mawe, lakini yale yalikuwa yanatazama bahari. Mkandarasi mmoja alikuja na sanduku la keki, akarudi mara ya pili na sanduku kubwa zaidi, na mara ya tatu wakaelewana: yeye achukue mawe, na katika jumba atakalojenga Salvina apewe nyumba nne. Jumba lilipokwisha, mkandarasi kwa kujipendekeza akaandika juu ya mlango, kwa herufi za shaba, SALVINA.

Salvina mwenyewe hakuhama. Alibaki katika nyumba ya baba yake, akiamka kukamua kondoo sita waliobaki na kutengeneza jibini ndogo za mviringo, kama mama yake alivyofanya. Mifuko ya mkate alikuwa akiifua na kuianika.

"Mama, una nyumba nne," binti yake Marvic alimwambia. Marvic alifanya kazi ya ofisini katika kampuni ya kamari ya mtandaoni, na alivaa viatu ambavyo mama yake aliona aibu kuuliza bei yake. "Nunua mashine ya kufulia, jamani, angalau."

"Mashine itanipigia soga nikiwa nafua?"

"Na mjomba Wenzu je? Utamwambia lini?"

"Nitamwambia."

Lakini hakumwambia, na sababu ilikuwa barua moja aliyoiweka kwenye droo ya mezani. Wenzu aliiandika wakati wa baridi kali, akifanya zamu katika kiwanda cha vipuri vya magari. Asubuhi nikikosa hamu ya kuamka, aliandika, nakufikiria wewe na kondoo wako kule kwenye mawe, basi natia miguu kwenye viatu. Salvina aliisoma mara nyingi. Unamwambiaje mtu aliyeamka kwa ajili yako miaka hamsini kwamba angeweza kuendelea kulala?

Basi mwaka 2018, wiki mbili kabla ya sikukuu ya Petro na Paulo, Wenzu alipiga simu kusema anakuja. Mke wake alikuwa ameshafariki, mwanawe yuko Texas, naye anataka kuona kijiji. Marvic alikuja nyumbani jioni ile akamkuta mama yake anaburuta runinga kubwa kuelekea chumba cha kondoo.

"Unafanya nini?"

"Atakuja atuone tumeshiba namna hii? Itamuuma. Shika huko."

"Mama, watu wanaficha umaskini, wewe unaficha utajiri!"

"Shika huko, nimesema."

Wenzu alishuka kwenye feri akiwa na miaka sabini na mmoja, mwembamba kuliko picha zake, na sanduku moja kubwa. Ndani ya sanduku nguo zake zilikuwa chache. Sehemu iliyobaki ilikuwa soksi, kahawa na sabuni. Alikataa kulala kwenye nyumba yake ya tai.

"Nyumba kubwa hiyo, nitazungumza na nani? Nitalala kwako, Salvi, hata kama ni kwenye mkeka. Tumezoea shida."

Kila siku alishuka hadi kwenye baa ya chama cha bendi, kwa Grezzju, ambako wazee hukaa na glasi zao kuanzia saa nne asubuhi. Huko aliwapa watu Amerika kamili.

"Jokofu langu," alisema, "mlango wake tu ni mkubwa kuliko kaunta yako, Grezzju."

"Na ndani mna nini?" Grezzju aliuliza huku akipangusa glasi.

"Kila kitu!"

"Basi mbona umekonda?"

Watu wakacheka. Wenzu naye akacheka, ila alichelewa kidogo. Kisha akauliza lile jumba jipya la kule kwenye mawe ni la nani, maana limeandikwa jina la dada yake. Kila mmoja akaona kitu cha kutazama ndani ya glasi yake.

"Ni Salvina mwingine," mtu mmoja akasema mwishowe.

"Nimewaza hivyo hivyo," Wenzu akasema. "Ana bahati huyo. Wangu mimi hajui hata ghorofa inapandwaje."

Siku tatu kabla ya sikukuu, Salvina alikuwa anakatia nyanya mkate wa chakula cha mchana, akamwomba kaka yake amtolee jibini kwenye jokofu. Wenzu alifungua mlango, akabaki amesimama hapo. Salvina aligeuka. Hakuwa akiitazama jibini. Rafu nzima ya juu ilikuwa imejaa masanduku madogo meupe: kalamu za kujidungia insulini, za kutosha miezi miwili.

"Na wewe una kisukari?" Wenzu aliuliza.

"Mwaka wa nane sasa. Si ni wa kwetu, hata mama alikuwa nao. Jibini iko chini hapo."

"Hizi zote ni zako?" Alikuwa ameshika sanduku moja.

"Za nani tena, za kondoo?"

"Unalipa kiasi gani?"

"Kulipa nini? Hapa kwetu ni bure."

Wenzu alirudisha lile sanduku mahali pake polepole, kana kwamba ni yai, akafunga mlango. Jibini akaisahau. Mezani alikula kipande kidogo akasema daktari wake wa Amerika anamsifu sana, amemwambia dawa zake azipunguze, hali yake ni nzuri mno. Salvina alimtazama akinywa maji: glasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Aliijua kiu ile.

Siku ya sikukuu bendi ilipita mtaa mkuu saa sita mchana, jua likiwaka juu ya kila kofia. Wenzu, ambaye katika ujana wake alipiga tarumbeta, aliamua kuifuata bendi hadi kanisani kwa miguu. Alifika ngazi za kanisa. Hapo akakaa, akaegemea ukuta, na Marvic alipomfikia alikuwa anaongea Kiingereza na mtu asiyekuwepo.

Muuguzi aliyekuwa kwenye hema la huduma ya kwanza alimchoma kidole, akaangalia kipimo, akakigonga, akakiangalia tena.

"Mzee, umejidunga lini mara ya mwisho?"

"Juzi. Nusu."

"Kwa nini nusu?"

"Ili ifike mwezi ujao," Wenzu akasema, bila kujua Salvina amesimama nyuma yake.

Alilazwa siku nne. Siku ya tano alirudi, rangi ikiwa imemrudia usoni, akaenda moja kwa moja kwa Grezzju. Huko, kwa kuwa sasa kila mtu alimwonea huruma, Grezzju akashindwa kujizuia na kumwambia ukweli wote wa lile jumba: nyumba nne, wapangaji Wataliano, mkandarasi na keki zake. Wenzu akaiacha kahawa yake, akapanda mlima. Alimkuta dada yake uani anamenya maharagwe.

"Salvi. Lile jumba ni lako."

"Si lote. Nyumba nne tu."

"Nne tu! Na mimi nakutumia soksi!"

"Soksi zilikuwa nzuri."

"Miaka mingapi umenicheka?"

"Sijakucheka hata siku moja, kaka. Nimezivaa. Tazama." Akapandisha sketi kidogo juu ya kifundo cha mguu. Ilikuwa Julai, joto la kuchemsha yai juu ya ukuta, na alikuwa amevaa soksi za sufu.

Wenzu akajitupa kwenye kiti. "Koti lile. Kahawa zile. Nilinyima nyumba yangu nikakununulia, Salvi. Mke wangu alikuwa akinung'unika, namwambia, mwanamke, wewe hujui njaa ya kwetu."

"Na wewe je? Dawa nusu nusu hadi unafia kanisani, halafu unakuja na sanduku la sabuni! Bima yako ya kiwandani iko wapi?"

"Kiwanda kilifilisika. Mwaka wa tisa huu."

"Na hukusema."

"Ningesemaje? Wewe ulikuwa unanitegemea."

Marvic, aliyekuwa amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi, alikaa chini kwenye kizingiti na viatu vyake vya gharama. "Mungu wangu," alisema, "mmelishana uongo miaka yote hii, na wote wawili mmeshiba."

Salvina alimsogezea kaka yake nusu ya maharagwe, naye akaanza kumenya. Baada ya muda Wenzu alisema kwamba kusema kweli alikuja kuuza nyumba ya tai, arudi Detroit na pesa za kumvusha. Wakala wa nyumba kutoka Victoria, mji mkuu wa kisiwa, alikuwa tayari amekuja kuitazama, akataja bei ambayo Wenzu alidhani ni namba ya simu.

"Usiuze," Salvina akasema.

"Nitakula tai?"

"Ishi humo. Mimi nimechoka kuifagia."

Kuna jambo moja tu lililomkera Wenzu katika shauri hilo, nalo ni watu watasema nini. Mtu aliyekwenda Amerika hurudi akiwa ameshinda. Harudi kwa ajili ya sindano. Alilala nalo siku mbili. Siku ya tatu Grezzju alimuuliza kama ni kweli anabaki, na Wenzu akashusha pumzi ndefu ya mtu mwenye mzigo.

"Nifanyeje, Grezzju? Dada yangu amezeeka. Ana nyumba nne na wapangaji, kondoo, sukari. Peke yake hawezi. Lazima mwanamume awepo."

Habari ilimfikia Salvina kabla jibini hazijakauka. Marvic aliwaka.

"Anakutangaza kijiji kizima kuwa hujiwezi! Wewe unayebeba ndoo mbili za maziwa!"

"Mwache," Salvina alisema. "Anahitaji wa kumwonea huruma. Bora niwe mimi, nimeshazoea."

Fomu za dawa za bure zilikuwa tatu, na zilichukua miezi miwili. Wenzu alipopata kadi yake, alianza kwenda kwenye duka la dawa la kijiji, ambako hupanga foleni akiwa amefumbata begi lake. Kila mara huwaambia walio mbele yake kwamba Amerika foleni kama hii haipo. Hilo ni kweli. Hakuna anayembishia. Mchana husaidia kukamua, ingawa kondoo wanamjua kuwa si mtu wa kazi na wanampiga teke. Nyumba ya tai sasa ina nguo zimeanikwa kwenye roshani, na wakala wa Victoria akipita hutikisa kichwa.

Salvina amerudisha runinga kubwa sebuleni. Wenzu huja kuitazama baada ya chakula, na kusema kwamba kwao, Detroit, za namna hii waliacha kuzitumia zamani.

Jumapili mwanawe hupiga simu kutoka Texas. Amelipia nyumba kwa miaka ishirini, ana magari mawili, na hulala masaa matano tu kwa usiku. Huuliza baba atarudi lini.

"Ningependa, mwanangu, ningependa," Wenzu husema kwa sauti ya juu. "Lakini nitamwachaje shangazi yako? Hali yake hii?"

Salvina, anayepanga jibini kwenye vikapu upande wa pili wa pazia, huweka kikapu chini, hufuta mikono, kisha hukohoa mara tatu, kwa nguvu, ili isikike hadi Texas.