Msichana wa Kitabu

Mama mdogo alinunua kile kitabu sokoni Nuu. Alikipata chini ya rundo la nguo za mitumba, akakichukua kwa sababu jalada lilikuwa na joka na alijua ningelipenda. Yeye hakuwa amesoma. Mimi nilikuwa darasa la sita, kwa hiyo nikitoka shule nilimsomea kwa Kikamba huku akipepeta ndengu. Ilikuwa hadithi ya nchi ambayo mto wake ulikauka kwa sababu ya uongo uliofichwa, mpaka msichana mmoja akasimama mbele ya mfalme na joka lake, akasema kweli yake mwenyewe, na maji yakarudi. Hapo mama mdogo alikuwa akipiga makofi na kunitaka nirudie.

Mwaka huo mvua ilichelewa. Tulikuwa tumeshapanda kwenye udongo mkavu, kama tunavyofanya kila msimu, na mbegu zililala tu. Mama mdogo naye alikuwa na shida yake. Mimba tatu zilikuwa zimetoka, na mumewe, aliyefanya kazi Mombasa, alikuwa ameanza kupunguza simu. Siku moja alinichukua tukavuka mto wa mchanga hadi kwa mganga. Alipewa mizizi ya kuchemsha na uzi wa kufunga kiunoni.

"Hii maneno ibaki hapa, sawa mum?" akaniambia tukirudi; mum ndivyo alivyoniita kwa mapenzi.

Nikasema sawa.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya maombi ya mvua. Mchungaji alisema kuna mtu mle ndani ameficha dhambi, ndiyo maana mbingu zimefungwa. Akataka asimame. Nikasimama mimi, mtoto wa miaka kumi na miwili, kichwa kimejaa majoka. Nilieleza yote: mganga, mizizi, hata uzi. Namkasirikia yule mchungaji mpaka leo, lakini mdomo ulikuwa wangu. Mama mdogo aliketi upande wa akina mama, akiikunja leso yake na kuikunjua.

Alitengwa siku hiyo hiyo. Na kwetu wanawake wa kanisa ndio hao hao wa mwethya, kikundi cha kulimiana mashamba kwa zamu. Jumatano ilikuwa zamu yake kuchimbiwa matuta ya kuzuia maji, maana shamba lake liko mteremkoni. Jumatano ikafika, wakapita mbele ya boma lake na majembe begani, wakaenda kwa jirani. Akachimba peke yake. Alimaliza matuta mawili.

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha, tena kubwa. Watu wakaja kunishika mkono. Mchungaji aliniita shujaa wa imani, na mimi, mjinga kabisa, nikabeba kitabu nikakimbia kwa mama mdogo nikidhani tutafurahi pamoja. Nilimkuta amepiga magoti chini kabisa ya shamba, karibu na korongo, akiokota mbegu za ndengu kwenye matope na kuzitia kwenye sufuria. Udongo wa juu wote ulikuwa umekwenda na maji.

"Anti, mvua imekuja," nikasema. "Kama kwa kitabu."

Hakuinua macho.

"Huyo msichana wa kitabu alisema yake," akasema. "Wewe umesema yangu."

Kabla mwezi haujaisha alihamia Kiboko kufanya kibarua kwenye mashamba ya vitunguu. Mumewe alioa mwingine. Mimi nilikua, nikapata kazi, na nauli ya Kiboko nilikuwa nayo miaka yote. Sikwenda. Niliogopa. Alifia huko, na pole yangu hakuisikia.

Sasa mimi ni mwalimu Mbumbuni. Tukimaliza hadithi ya wafalme na majoka, huuliza darasa imetufunza nini. Mikono inainuka yote. Tuseme ukweli, mwalimu. Ndilo jibu lililo kwenye mwongozo.

"Ukweli wa nani?" nawauliza.

Nageuka ubaoni na kuandika jibu lao: tuseme ukweli.