Siku Modemu ya Mukwe Ilitangaza Maneno Yangu

Haya ya ile siku ingali inanichoma, na bale balioiona njo hawa benye kukaa hapa leo: ile siku mu salon yangu, Donatien, bwana ya mutoto wangu Georgette, Georgette mwenyewe, mujomba ya Donatien, baba Fulgence, na bibi yake mama Clémentine, balitoka Ruashi kuniomba siku ya kuingiza mukwe, karamu ya kumukaribisha ku meza yangu. Juu kwetu, mbele ya ile siku, mukwe na mama mukwe habaonane, habasemeshane, habakule pamoja. Nikikataa, Donatien ataendelea kunikimbia kama mwizi. Kwa hiyo miye Euphrasie nilikaa mu chumba, mulango umefungwa.

Ilikuwa wakati wa simu ya waya (marehemu bwana yangu, mutu wa reli, njo aliniachia), waya moja lakini simu mbili: moja mu salon, ingine pembeni ya kitanda yangu. Donatien alileta ordinateur (kompyuta) ya kazi kutuma fichier, ni kusema faili, Sakania, kwa ordinateur ingine, zote mbili za Unix, luga moja, anasema, na modemu, kisanduku yenye kupiga simu yenyewe. Nani alinielezea? Hakuna mutu!

Nikawaza kidogo tu: mbele ya kujibu bageni, nipigie mudogo wangu Philomène kule Sakania. Nainua simu: kelele kama musumari ku bati. Naweka. Mu salon Donatien analia: «Eh, imekatika!» Anabadirisha kamba, nainua, inakatika, anapunguza mbio ya modemu, nainua, inakatika, miye nakasirikia posta, benye waya, yeye anakasirikia Sakania. Mwisho akafungua sauti ya modemu yote, asikie fasi gani inakufia.

Saa ile nikamupata Philomène. Na modemu (balinielezea kisha!) ikaingia mu waya yetu, ikatoa masemo yetu yote mu salon.

«Yaya, huyu mukwe iko muzuri?»

«Muzuri wapi! Masanduku mbili tu, kusemeshanisha inamushinda tangu asubui. Na kula, mama! Bukari ya bantu tano anamaliza peke. Nikimuingiza, sufuria nitafunga na kufuli.»

Nikasikia kufuli yangu inasemwa mu salon, na sauti yangu! Baba Fulgence anakufa na kucheka, mama Clémentine anamugombeza: «Nyamaza, tusikie!»

Tusikie! Bantu bazima, na nguo za misa, kukaa kunisikiliza! Nikatoka mbio, kitambaa ya kichwa mu mukono, uso kwa uso na mukwe. Akaingiza kichwa chini ya meza, pamoja na kamba zake.

«Georgette, kugonga mulango ilikushinda?»

«Mama, tulifikiri ni Sakania iko mubaya.»

«Na nilipoanza kusema?»

«Mama, ilikuwa tamu.»

Njo sauti ikatoka chini ya meza, si kwangu, hapana, kwa kisanduku: «Wee modemu, ambia mama mukwe aweke simu chini, tafazali. Na kufuli, umwambie, nitaleta miye mwenyewe.»

Ningefanya nini? «Modemu, mwambie aje Jumapili, siku ya Mungu.» Nikarudi mu chumba, nikaweka simu, Philomène angali anaita, na fichier ikaenda yote. Kumbe miye njo nilikuwa pane, miye njo nilikuwa nakata waya!

Alikuja, na kufuli kweli. Tangu pale siinue simu bila kuuliza nyumba yote, hata hizi za leo zisizo na waya, bajukuu bacheke tu.

Kama nimechanganya mutu ao neno, munirudishe. Baba Fulgence, wewe hapana, ulicheka sana, haukusikia muzuri. Donatien, anza wewe: sasa unaweza kuniambia mu macho.