Mafuta ya kwenye chokaa yalivyowatenganisha baba na mama makaburini

Wakuu, habari za majukumu.

Mimi ni mkulima wa kahawa, Kingerikiti. Hii siyo chai, imetokea nyumbani kwetu na bado inauma.

Kampuni ya kutafuta mafuta ilipokuja nilipata kibarua cha kubeba nyaya za kupimia miamba.

Mstari wao ulipita kwenye ntambo yetu, yaani mlima wa ukoo, tunapolima na tunapozikana. Kigingi kimoja chenye rangi nyekundu kikaangukia karibu na kaburi la mama.

Kwenye mkutano wa kijiji mtaalamu wao akasema matabaka ya juu hayana kitu, tumaini lipo kwenye mawe ya chokaa, chini zaidi.

Baba akalishika hilo. Lami ilipojengwa aliona nyumba zenye X nyekundu zikibomolewa, kwa hiyo kwake rangi nyekundu ina maana moja tu.

"Kama mafuta yapo chini kuliko wafu, si watampitia mama yako?"

Nikamwambia baba, kigingi ni cha kupimia tu, kisima kitachimbwa huko chini upande wa Chiwanda. Wapi! Mzee wangu akikaza, amekaza.

Akafuatilia kibali, padri akaja kusali, tukamfukua mama na kumpeleka makaburi ya parokia. Wakuu, kumbeba mama mara ya pili simtakii hata adui yangu.

Kisima kikachimbwa. Kwenye chokaa mafuta wakayakuta, ila mwamba umebana, hayatoki. Wakaziba kwa saruji, wakaondoka. Vigingi tukapikia.

Siku moja tunachuma kahawa baba akaniambia, "Nimempeleka mama yako ugenini. Nikifa, nilaze naye."

Amefariki mvua hizi. Nikawafikishia wazee wa ukoo maneno yake. Baba mdogo akajibu, "Mwanangu, baba yako ndiye mkubwa wa ntambo hii, atazikwa hapa. Na mama yako hatumfukui tena."

Nilibishana mpaka sauti ikakauka. Tukamzika mlimani.

Nilichojifunza: wageni wakija kupima ardhi yenu, wabaneni waeleze kila kigingi ni cha nini, tena wakiwa wamesimama hapo hapo kilipo. Mkutanoni watu wanaitikia tu.

Mwenye kujua kama kibali hutolewa mara ya pili, au namna ya kuongea na ukoo, anisaidie hapa chini.

Kwa sasa Jumapili naenda parokia kwa mama, nikirudi napitia kwa baba, na kila mmoja nampa salamu za mwenzake.