Insha Nne za Odalys

Lorna Petrakis alikuwa amefundisha Kiingereza miaka ishirini na sita katika sekondari moja ya Ohio, na mwaka ule uchovu ulimkaa hadi kwenye mifupa. Shule ilikuwa imefuta darasa la wanafunzi hodari. Sasa wote walichanganywa chumba kimoja. Aliyetaka daraja la juu alijaza fomu mwezi wa Septemba, akasoma kitabu cha ziada, akaandika insha ngumu kuliko za wenzake, na daraja hilo likaandikwa kwenye cheti chake. Kwa mwalimu, hayo yalikuwa madarasa mawili ndani ya kipindi kimoja.

Januari, akifunga muhula, aliona fomu ni kumi lakini waandishi wa insha ngumu ni kumi na mmoja. Akamwita msichana aliyehamia kwao mwaka ule.

“Odalys, fomu yako iko wapi?”

“Sikujaza, Bi. Petrakis. Kule nilikotoka walimu ndio huchagua watu. Mimi sikuwahi kuchaguliwa.”

“Na hizi insha nne?”

“Maswali magumu yalikuwa ubaoni, na kile kitabu cha ziada nilikisoma. Yale ya kwetu sisi yalikuwa mepesi.”

“Mepesi, eti,” akasema Dettmer, mmoja wa wanafunzi wa daraja la kawaida, kutoka nyuma ya darasa. “Mwenzenu yamenitoa jasho.”

Lorna akaenda kwa Haugen, mshauri wa wanafunzi.

“Lorna, nikimpa huyu daraja la juu bila fomu, kesho wazazi watajaa mlangoni.”

“Nitajie mwingine aliyefanya kazi yote bila kuandikishwa.”

Haugen akauliza, “Ulizisahihisha kwa kipimo cha juu?”

Lorna akatikisa kichwa. Alizisahihisha kwa kipimo cha kawaida, rundo moja na za kina Dettmer, akaandika “Safi sana” juu ya kila moja, akageuza ukurasa.

“Basi zirudie zote. Zikifika B, Jumatatu nampa daraja la juu. Zisipofika, hiyo alama mpya ya chini ndiyo itakayoandikwa kwenye cheti badala ya ile ya sasa.”

Lorna akamweleza Odalys bila kumficha. “Sasa hivi una A ya kawaida. Ukitaka, tuiache ilivyo.”

“Hapana. Nipimeni.”

Jumamosi asubuhi Lorna akaketi jikoni na insha zile. Ya kwanza ilikuwa na hoja nzuri, lakini hakuna mahali Odalys aliponukuu kitabu kuitetea. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu, ya nne. Kosa moja, miezi minne, na hakuna aliyemwambia. Akaandika pembeni mpaka vidole vikakakamaa. Alama zikatoka: B, kwa shida.

Jumatatu Odalys alizisoma insha zake amesimama koridoni, wenzake wakimpita.

“Makosa haya mliyaona tangu Septemba?”

“Sikuyaona. Nilikuwa nimechoka, nikasoma juu juu. Nisamehe.”

Odalys akafunua tena ile ya kwanza. “Hii naweza kuiandika upya?”

“Alama haitabadilika.”

“Najua.”

Lorna akatazama rundo la insha zilizongoja kusahihishwa kwapani mwake, akavuta pumzi. “Niletee Alhamisi.”